Bi harusi, shavu lako lina kasoro gani?



Zamani bi harusi wa Kilwa akiwekwa ndani, somo wake alimsinga, akampaka liwa na kumtia hina, basi. Siku hizi anaingia ndani na simu mkononi, anamwonyesha somo picha ya filta yenye mashavu yaliyochongoka: "Nikifanyiwa upasuaji nitakuwa hivi?" Tusimcheke, tumjibu.

Njia zipo. Fila ni sindano ya kujaza shavu, nayo huisha baada ya miezi kadhaa au mwaka na zaidi. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, hata kupofusha jicho. Kipandikizi cha silikoni hupitishwa mdomoni, kikalazwa juu ya mfupa wa shavu. Kinaweza kuhama au kuota usaha. Na kuna kukata taya la juu na kulisogeza mbele kwa vibamba na skrubu. Hiyo ni tiba ya aliyezaliwa na taya lililorudi nyuma hata kutafuna kukamsumbua, si ya picha za harusi.

Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Lakini pia wamelaaniwa wanaochonga mianya ya meno kwa ajili ya urembo. Hapo wanazuoni wengi wakatofautisha: kuondoa madhara ni tiba, kubadilisha uso ulio salama kwa urembo tu hakufai.

Pwani yetu inalijua hili. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliona watu wenye chale usoni. Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa nembo mashavuni, na ndio uliokuwa uzuri. Wajukuu wao leo hawazitaki. Urembo wa zama hupita, kovu hubaki.

Ila binti akivunjika shavu kwa ajali ya bodaboda, asiambiwe "subiri harusi ipite." Mfupa huo hurekebishika vizuri zaidi ndani ya wiki mbili hivi, kabla haujaunga vibaya. Madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya wapo Muhimbili, Dar es Salaam. Pesa za sare na ukumbi ziende huko kwanza. Huyo habadilishi maumbile, anarudishiwa yake.

Na sisi mashangazi na masomo tuna letu la kujibu. Nani alianza kumwita mtoto "uso bapa" jikoni, mbele ya wenzake, tangu ana miaka saba? Picha ya simu imekuta jeraha tulilolifungua sisi. Mume aliyeposa aliuona uso huo huo, akaridhika nao. Tumsinge bi harusi wetu, tumwombee, na ndimi zetu tuzichunge.

Allah atupe macho ya kuona uzuri aliotuumbia. Amin.