Bakteria Gani, na kwa Nani?

Toleo hili likiwa bado jikoni, tuliletewa tangazo la ukurasa wa nyuma. Kopo jeupe, mama mwenye tabasamu pana, na chini yake ahadi ya kuondoa sonona na wasiwasi kwa njia ya asili. Tukaomba kuliona kopo lenyewe. Ubavuni, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, iliandikwa kuwa ndani mna mabilioni ya bakteria wa Lactobacillus. Ni aina ipi katika ukoo huo mkubwa? Haikutajwa. Watabaki hai hadi lini kwenye rafu ya duka, kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Februari? Hiyo nayo haikutajwa. Tangazo tumelirudisha, ingawa fedha yake ingetufaa kwa gharama za karatasi.

Hatukulirudisha kwa kudhani kwamba habari za tumbo na akili ni porojo. Yeyote aliyewahi kukaa tumbo joto akisubiri majibu ya mtihani anajua kwamba viwili hivi vinasemezana. Neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, kazi yake kubwa ni kupandisha habari: takriban nyuzi 8 katika kila 10 hupeleka taarifa juu, wala hazileti amri chini. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria yeyote mwilini hutoa homoni za taharuki kupita kiasi wanapobanwa wasiweze kujitikisa. Walipopewa bakteria wa aina moja tu, Bifidobacterium infantis, hali ikatulia. Wauza makopo hupenda zaidi kutuambia kwamba asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hisia, hutengenezwa utumboni. Ni kweli, ila wanakatisha hadithi: serotonini hiyo haivuki ukuta unaotenga damu na ubongo. Hubaki huko huko ikishughulika na mwendo wa chakula na mengineyo.

Anayetaka kuelewa hali halisi ya elimu hii afuatilie mkasa wa Cork, Ayalandi. Mwaka 2011 kundi la John Cryan na Ted Dinan, na wenzao wa Kanada, walitangaza kwamba panya waliolishwa bakteria aitwaye JB-1 walipungukiwa na woga, na wakitoswa majini hawakukata tamaa upesi. Neva ya vagasi ilipokatwa, faida yote ikatoweka. Vifijo vikawa vingi, na kina Dinan wakawapa bakteria wa kuifaa akili jina saikobayotiki mwaka 2013. Baadaye wana-Cork hao hao wakampeleka JB-1 kwa binadamu. Wanaume 29 wenye afya wakamtumia, na ripoti ya mwaka 2017 ikasema wazi kwamba hakushinda vidonge vitupu. Waliandika kushindwa kwao kwa jina la maabara yao wenyewe, na mimi hapo ndipo nilipoanza kuwaamini.

Utasema mtu mzima wa afya hana cha kuponywa. Hoja nzuri. Basi twende kwa wagonjwa. Iran, mwaka 2016, wagonjwa 40 wa sonona walifuatiliwa kwa wiki 8, na waliopewa probayotiki, yaani bakteria hai wa kufaa mwili, wakapata nafuu kuliko wenzao. Nyuzilandi, mwaka uliofuata, watu 79 wenye huzuni: hakuna tofauti. London, mwaka 2023, wagonjwa 49 ambao dawa za sonona hazikuwa zimewatosheleza waliendelea kuzimeza, na baadhi wakaongezewa mchanganyiko wa aina 14 za bakteria. Hao walisogea mbele zaidi. Bakteria walikuwa tofauti, watu tofauti, na majaribio yenyewe madogo. Na wa London hawakuacha vidonge vyao. Msomaji anayetumia dawa za sonona asiziache kwa sababu ya kopo lolote, wala kwa sababu ya makala yoyote ya gazeti hili.

Najua barua zitakazokuja: na togwa yetu je? Togwa ni jambo la kupendeza kulitazama. Uji hupikwa kwanza, ukaachwa upoe, ndipo kimea cha ulezi kinapokorogwa. Uji mzito unalegea mbele ya macho yako, unalala usiku kucha na kuamka mchachu. Haurudi tena jikoni, kwa hiyo bakteria wanakufikia wakiwa hai. Ule uji wa wimbi unaochachushwa kwanza kisha ukapikwa, kama wengi wafanyavyo Kenya, umebaki na uchachu lakini bakteria wameishia sufuriani. Kunyweni togwa, ni chakula chema, bila kuipachika cheo cha dawa. Kina mama wa Mwanza walioanza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria GR-1, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, walilenga lishe na kipato. Na anayeamini kwamba Bifidobacterium ndiyo siri ya kila tumbo lenye afya awatazame Wahadzabe wa Ziwa Eyasi: utafiti wa mwaka 2014 haukuwakuta bakteria hao kwa watu wazima wao, ilhali utumbo wao ulikuwa na aina nyingi za bakteria kuliko wa Waitalia waliolinganishwa nao.

Kinachonikera ni kwamba kelele za makopo zinafunika tiba ambazo tayari zina ushahidi wa hapa kwetu. Vijijini Masaka na Rakai, Uganda, vikundi vya wenye sonona vilikutana kwa mazungumzo mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni, wenye sonona kali walikuwa asilimia 6.5 katika vikundi hivyo, na 54.7 kwa wale ambao hawakuwekwa vikundini. Tiba hiyo haina wakala wa kuitangaza, kwa hiyo makala yake ndiyo tuliyoyatanguliza katika toleo hili. Ya bakteria yanafuata.