Tusikate Mbeleko Kabla ya Mwana Kuzaliwa

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, na mara nyingine hata kabla vyama havijateua wagombea, magazeti na redio hututangazia kwamba mwanasiasa fulani anaongoza kwa asilimia kadha. Habari husomwa alfajiri. Ifikapo adhuhuri imekwisha kujadiliwa sokoni Chwele na katika stendi ya magari ya Kitale. Na jioni, hapa Cheptais, waumini wanaotoka kwenye mazoezi ya kwaya huizungumza kana kwamba Tume ya Uchaguzi imekwisha kumtangaza mshindi. Wenye mgombea anayeongoza hushangilia na kulegea. Wenye mgombea aliyeachwa nyuma hukata tamaa, ama huapa kwamba takwimu zimenunuliwa.

Kwa kuwa Katiba imeuweka uchaguzi mkuu ujao tarehe 10 Agosti 2027, na kwa kuwa takwimu za namna hiyo hazitakoma kumiminika, ni wajibu wetu kuuliza waziwazi: je, kura za maoni zinazopigwa mapema zinaweza kutuambia nani atakuwa Rais? Jibu letu ni kwamba zinatueleza hali ya siku zilipopigwa, na hapo ndipo uwezo wao unapokoma. Anayezifanya kuwa utabiri anajidanganya. Anayezifanya kuwa ushahidi wa ushindi anahatarisha maisha ya jirani zake.

Jina lenyewe linapotosha. Kura ya maoni haina sanduku, haina wakala wa chama, haina daftari la wapiga kura wala wino kidoleni. Ni mahojiano ya watu elfu moja au elfu mbili, waliochaguliwa kwa hesabu ili wawakilishe mamilioni. Hesabu hiyo ni elimu halali, nasi hatuidharau. Lakini wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua. Mkulima wa Cheptais huyaona mawingu yakitanda juu ya Mlima Elgon siku nyingi, na bado hungoja ardhi ilowe ndipo atie mbegu.

Tutazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, Wakenya waliopiga kura dhidi ya Rais Moi walipita asilimia 60. Moi alipata asilimia 36 hivi na akabaki Ikulu, kwa sababu wapinzani walikuwa wamegawanyika baina ya Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga. Ambaye angeuliza mwanzoni mwa mwaka ule kama wananchi wanataka mabadiliko angepata jibu la kweli, na jibu hilo lisingemwambia nani atashinda. Mapema mwaka ule FORD ilikuwa bado ni moja. Kufikia siku ya kura ilikuwa imepasuka kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili.

Mwaka 2002 mambo yakageuka. Wapinzani waliungana mwezi wa Oktoba chini ya NARC, miezi miwili tu kabla ya kura, na Mwai Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Maoni yaliyokusanywa karibu na siku ya uchaguzi yaliuona ushindi huo. Maoni yaliyokusanywa kabla ya Oktoba yalikuwa yakiuliza juu ya shindano ambalo halikufanyika.

Mwaka 2007 Kibaki alikuwa mbele katika tafiti kwa muda mrefu. Chama cha ODM kikagawanyika mwezi wa Agosti, Raila Odinga akateuliwa mwanzoni mwa Septemba, na kabla mwezi haujaisha tafiti zikaanza kumpa Raila uongozi. Kufikia Desemba tofauti ilikuwa imepungua mno. Mwaka 2013 vilevile: Raila aliongoza kwa sehemu kubwa ya mwaka 2012, muungano wa Jubilee ukaundwa Desemba, na kufikia Februari yeye na Uhuru Kenyatta walikuwa karibu sawa. Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Kura zilizomvusha juu ya nusu hazikufika 10,000 kati ya kura zaidi ya milioni 12. Hakuna utafiti duniani unaoweza kuona kitu chembamba kiasi hicho.

Mwaka 2022 ndio uliotufundisha zaidi. Mwaka uliotangulia, William Ruto ndiye aliyeongoza katika tafiti nyingi. Raila alipotangaza kugombea Desemba 2021, akaungwa mkono na Rais Uhuru Kenyatta, kisha Mei 2022 akamteua Martha Karua kuwa mgombea mwenza, mizani iliinama upande wake. Siku chache kabla ya kura, kampuni ya Ipsos ilimpa Raila asilimia 47 na Ruto 41. TIFA ikampa Raila 46.7 na Ruto 44.4. Tume ikamtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Msomaji asihitimishe kwamba tafiti za mapema ndizo zilizokuwa sahihi. Anayetabiri Januari kwamba mvua itanyesha, kisha ikanyesha Aprili, hakuijua mvua. Katikati hapo wananchi walibadili nia, wakabadili tena, na wengine hawakutoka kabisa kwenda kupiga kura.

Basi tufanye nini na takwimu hizi? Sisi tuliozoea mahakama tunajua kwamba shahidi hakataliwi kabla ya kusikilizwa, wala haaminiwi kabla ya kuhojiwa. Kura ya maoni ni shahidi, na kuna maswali manne ya kumwuliza.

Swali la kwanza: ulishuhudia lini? Utafiti uliofanywa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi unauliza juu ya wagombea ambao pengine hawatagombea na miungano ambayo haijafungwa. Wataalamu Robert Erikson na Christopher Wlezien walichunguza chaguzi za urais za Marekani tangu 1952 hadi 2008, wakaona kwamba tafiti za miezi ya mwanzo wa mwaka wa uchaguzi zilieleza machache sana kuhusu matokeo, na zikapata nguvu kadiri siku zilivyokaribia. Ikiwa ni hivyo katika nchi ambayo vyama vyake viwili vimedumu zaidi ya karne moja, itakuwaje kwetu, ambako chama huundwa Januari na kuzikwa baada ya kura kuhesabiwa?

Swali la pili: ulimwona nani? Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu ya watu zaidi ya milioni mbili, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa karatasi yalikuwa yametolewa kwa wingi katika orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Wingi haukuliponya jarida lile, kwa sababu maskini hawakuulizwa. Leo baadhi ya tafiti zetu hufanywa kwa simu. Mama ambaye simu ya nyumbani kwake i mfukoni mwa mumewe, au kijana anayeishi bondeni kusikofika mtandao, maoni yake hukusanywa na nani?

Tena kuna hesabu nyepesi. Kaunti ya Bungoma ina takriban asilimia 3 ya wapiga kura wa Kenya. Katika utafiti wa watu 2,000, Bungoma nzima hupata watu 60 hivi. Wagawe kwa majimbo tisa ya bunge, na Mlima Elgon utapata watu sita au saba, yaani mtu mmoja kwa kila wadi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba utafiti wa taifa umeonyesha Cheptais inaelekea upande gani, jua kwamba huenda aliulizwa mtu mmoja, ama hakuulizwa yeyote.

Swali la tatu: je, ulikuwa huru kusema? Sisi wa mlima huu tunaijua thamani ya kunyamaza. Tuliyaona mapigano ya 1991 na 1992. Kuanzia 2006 hadi 2008 kundi la SLDF, lililozaliwa na ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, liliua, lilikata watu masikio na kuwafukuza makwao; na Machi 2008 lilipokuja jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, wanaume wengi walikamatwa na kuteswa, wenye hatia na wasio na hatia. Katika uchaguzi wa Desemba 2007, mgeni ambaye angebisha hodi hapa akiwa na karatasi na kalamu, akauliza mwenye nyumba atamchagua nani, angejibiwa nini? Angejibiwa neno la kumwondoa mlangoni kwa usalama. Hofu haionekani katika jedwali la asilimia. Hujificha katika safu ya wale ambao hawajaamua na wale waliokataa kujibu. Katika utafiti ule wa Ipsos wa Agosti 2022, asilimia 12 hawakuwa upande wa Raila wala wa Ruto. Tofauti ya wawili hao ilikuwa asilimia 6. Waliobaki pembeni walitosha kuipindua mara mbili.

Swali la nne: nani amekulipa? Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kuchapishwa kwa kura za maoni za uchaguzi inamtaka mchapishaji aeleze nani alifanya utafiti, nani aliugharimia, lini, watu wangapi waliulizwa na kiwango cha makosa ni kipi. Inakataza pia kuchapisha utafiti mpya katika siku tano kabla ya kura. Takwimu isiyo na maelezo hayo, iliyotumwa kwa simu au kusomwa jukwaani, haifai hata kujadiliwa. Na hata penye maelezo, kumbukeni kwamba kiwango cha makosa cha asilimia 2.2, cha utafiti wa watu 2,000, humhusu kila mgombea peke yake. Tofauti ya pointi tatu au nne baina ya wawili inaweza kuwa si tofauti kabisa.

Twazungumza haya kwa sababu imani katika takwimu imekwisha kutugharimu damu. Desemba 2007 mamilioni waliingia katika uchaguzi wakiwa na hakika ya ushindi, kila upande kwa takwimu zake. Kibaki alipotangazwa tarehe 30 kwa tofauti ya kura 231,728, Tume iliyokuwapo haikuweza kuithibitishia nchi hesabu yake, na hakika ile ikageuka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Ghadhabu dhidi ya uchaguzi uliovurugwa ilikuwa na msingi. Tume ya Jaji Kriegler ilieleza baadaye jinsi hesabu zilivyoharibiwa hata isijulikane nani alishinda. Lakini kura ya maoni haikuweza kuwa dawa ya uovu huo, maana haikuwa na uwezo wa kusema kura ngapi ziliingia katika sanduku lipi.

Na upande wa pili wa sarafu tuliuona 2017. Baadhi ya makampuni yalimpa Uhuru uongozi mdogo, mengine Raila. Uhuru akatangazwa kwa asilimia 54, na wapo waliosema kwamba tafiti zimethibitisha ushindi wake. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi ule kwa sababu ya kasoro katika upitishaji wa matokeo. Utafiti hauwezi kuhalalisha hesabu mbovu, kama usivyoweza kuibatilisha hesabu njema.

Ushahidi wenyewe uko mahali pengine. Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Yameandikwa katika Fomu 34A, yakatiwa sahihi na msimamizi wa kituo na mawakala, yakabandikwa mlangoni. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229 na fomu zake ziliwekwa hadharani kila raia azisome. Tofauti baina ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Gawanyeni wenyewe: ni kura tano kwa kila kituo.

Kura tano, ndugu zangu! Ni jamaa ya nyumba moja iliyobaki shambani kuvuna. Ni akina mama watano wasiokuwa na vitambulisho. Ni wakala mmoja aliyesinzia saa nane za usiku fomu ikijazwa. Mwaka huo asilimia 35 ya waliojiandikisha hawakupiga kura, na hao hakuna takwimu iliyoweza kuwahesabu kwa usahihi.

Kwa hiyo tunawaomba wanaharakati wa mageuzi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, wapime kazi yao kwa mambo wanayoweza kuyahesabu: vijana wangapi wamepata vitambulisho, wangapi wamejiandikisha, kila kituo kina wakala gani aliyefundishwa kusoma fomu kabla ya kuitia sahihi na kubaki na nakala yake. Tunawaomba wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa wasiruhusu takwimu za mgombea yeyote kusomwa madhabahuni. Wawakumbushe waumini kwamba nabii Samweli mwenyewe alipomtazama mtoto wa kwanza wa Yese alidhani amekwisha kumpata mfalme, naye mteule alikuwa bado malishoni. Na asiyeridhika na matokeo ana siku saba za kwenda Mahakama ya Juu. Huko ataulizwa fomu zake, na hakuna jaji atakayemwuliza utafiti wa mwaka jana ulisema nini.

Asomaye takwimu na azisome, kwa maswali yale manne. Kisha azikunje, amwendee jirani yake, wa kabila lake na wa kabila jingine, amwulize: umejiandikisha?