Staji ya mwaka wa kwanza: faida ao hasara?

Baba mumoja wa Likasi anatuuliza. Mwana wake anasoma umeme, mwaka wa kwanza, na anataka kufanya staji wakati wa likizo. Mushahara hakuna, taksi na viatu vya kazi, baba njo atalipa.

Baba, inafaa, lakini si kila staji. Zamani, wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, kampani ilikuwa na masomo yake ya ufundi, na mara nyingi kazi ilikuwa inangojea kijana pale pale. Leo si vile. Tangu sheria ya migodi ya 2002 makampani mengi yameingia Kolwezi na Fungurume, na kazi nyingi zinapita kwa makampani madogo yanayofanyia yale makubwa. Kule fundi anayekujua njo anataja jina lako.

Lakini uliza kwanza: nani atamufundisha? Kama ni kufanya fotokopi mwezi muzima, abaki na vitabu vyake. Mutoto wa mwaka wa kwanza, kampani kubwa haiwezi kumuachilia tablo ya umeme, na iko na haki. Afazali atelie ndogo ya mutaa, fasi wanabobina mota. Pale atashika waya siku ya kwanza, na ataona kama kazi hii inamupendeza kweli, mbele hamujamaliza feza za minervali. Kampani kubwa aiwekee mwaka wa mwisho.

Na aombe karatasi yenye kashe siku ya kuondoka. Akirudi kisha miezi sita, fundi aliyemujua labda amehama.