Karavani kali, ila spea iko wapi?

Wadau, staa wetu mmoja aliyepo Uingereza katupia picha za karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari. Watu wote wanasifia kitanda. Mimi nauliza spea.

Karavani nyingi za kule spea inakaa uvunguni, kwenye fremu ya chuma inayovutwa pembeni. Ile chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha barafu inaila kutu, inaganda, haitoki ng'o! Na tairi la gari mara nyingi halifungi kwenye karavani. Nyingine zinauzwa na dawa ya kuziba pancha tu, eti inatosha. Tairi likichanika ubavuni je? Watoto wako ndani, malori yanapita kama upepo.

Kaka, kabla hujaondoka nyumbani, ivute hiyo spea uone kama inatoka. Pozi baadaye.