Jiwe la Bahari Lina Hesabu ya Mvua Zetu



Kila msimu twasikia mashindano yale yale barazani. Mzee asema zamani vuli ilikuwa na adabu, yangoja karafuu zikauke ndipo inyeshe. Kijana ajibu kwamba mzee amesahau, vuli imekuwa hivi siku zote. Sisi chamani hatuna daftari la kuwaamulia, kwa kuwa mvua zetu hatukuziandika. Bahari iliandika. Twaona yafaa kila mwenye shamba aijue habari hii, maana maandiko yenyewe twayavunja kwa mitaimbo na kuyatia tanuuni tupate chokaa.

Twasema matumbawe, hasa yale makubwa ya mviringo, mfano wa kichuguu, ambayo nahodha huyakwepa maji yakipwa. Hilo si jiwe tupu. Limejengwa na vidudu vidogo mno, chokaa juu ya chokaa, kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Likikatwa kipande chembamba na kupigwa picha ya eksirei, huonekana mistari, mmoja mzito na mmoja mwepesi, kama pete za mti, na jozi moja ni mwaka mmoja. Ndani ya chokaa hiyo mna kalsiamu nyingi na strontiamu kidogo. Maji yakipoa, jiwe huchukua strontiamu zaidi. Yakipata joto, huchukua kidogo. Oksijeni nayo iko nzito na iko nyepesi, na maji ya baridi huacha ile nzito kwa wingi katika jiwe, ila hesabu hii huchanganywa na mvua na chumvi, basi mabingwa hupenda kuzisoma zote mbili pamoja. Na kama jiwe lilikufa zamani, hapana mtu wa kusema lini, umri wake hupimwa kwa urani iliyomo ndani yake, ambayo hugeuka thori polepole kwa mwendo unaojulikana.

Jiwe mashuhuri la pwani yetu ni la Malindi, Kenya. Mwaka 2000 Bibi Julia Cole na wenzake, akiwamo Bibi Nyawira Muthiga wa Kenya, walitangaza hesabu yake ya miaka 194, tangu 1801 hata 1994. Tafadhalini mfikirie miaka hiyo. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ile ile, kwa hiyo jiwe hilo na kilimo chetu karibu ni rika moja. Tufani ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, lenyewe lilikuwa chini ya maji likiendelea na kazi yake. Jiwe lasema bahari yetu imeongezeka joto tangu mwanzo wa karne ya 19, pengine kufikia digrii 1.3, na kwamba kupanda na kushuka kwake hufuata mwendo wa bahari ya Pasifiki, iliyo mbali nasi kabisa.

Hapo mzee apata haki yake. Walakini kijana naye hakukosa sana. Mawe ya Mafia, ambayo habari zake zilitangazwa 2006, yana hesabu ya 1622 hata 1722, na tena ya 1896 hata 1998. Yaonyesha kwamba katika karne ya 17 bahari ilikuwa ikigeuka kwa nguvu zaidi, kwa vipindi vya makumi ya miaka, kuliko katika karne ya 20. Mtu aweza kuishi umri wake wote ndani ya kipindi kimoja tu cha namna hiyo, akadhani ndiyo desturi ya dunia.

Kwetu sisi jambo hili ni la fedha. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto na ya upande wa Sumatra yakapoa, vuli huja kwa wingi wa kupita kiasi, kama 1961, 1997 na 2019. Mchumaji awa juu ya mti uliorowa, karafuu zi majamvini hazikauki, zapata ukungu, na bei yashuka mbele ya macho yako. Tulipokuwa Arusha kwa shughuli za chama tulilala Sekei, chini ya mlima Meru, kwa mzee mmoja mwenye kahawa na migomba. Tulimwambia kwamba vuli ya 2019 iliyomjazia mifereji na ile iliyotuharibia karafuu ilikuwa moja, imetoka katika maji yale yale ya moto. Akacheka sana. "Kumbe ndugu zangu, ninyi ndio mnaotia birika motoni!"

Kutoka upande ule, anga likiwa safi, huonekana Kilimanjaro, na milima ya namna hiyo ndiyo iliyozusha ugomvi mkubwa katika elimu hii. Miaka 20,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa katika enzi ya barafu, na barafu ya milima ya nchi za joto iliteremka chini mamia ya mita. Milima yasema basi kwamba baridi ilikuwa kali. Lakini mwaka 1976 mabingwa wa mradi wa CLIMAP, waliosoma makombe madogo mno ya matope ya chini ya bahari, walisema bahari za nchi za joto hazikupoa ila kidogo, kwa sehemu nyingi chini ya digrii 2. Mlima ugande, na bahari iliyo miguuni pake ibaki vuguvugu? Mwaka 1994 Guilderson, Fairbanks na Rubenstone wakaleta matumbawe ya kale ya Barbados, yakasema maji yalikuwa na upungufu wa digrii 5 hivi. Baadaye wengine wakauliza kama strontiamu ya bahari yenyewe haikubadilika, na makadirio ya siku hizi yamekaa katikati ya hayo mawili. Nasi twaupenda ugomvi huo: jiwe lilisikilizwa, kisha likahojiwa tena.

Matumbawe yetu ya zama zile yako chini, kiasi cha mita 120, maana bahari ilikuwa imeshuka hata Unguja ikaungana na Bara, na Pemba pekee ikabaki kisiwa kwa kina cha mkondo wake. Lakini mawe ya ardhi yetu ya maweni mengi ni ya zama za kabla ya hapo, miaka 125,000 hivi, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mvua imeyapenya mengi na kuyageuza, hata kipimo chake hakiaminiki. Ndiyo sababu lile moja lililobaki zima ni la thamani.

Twajua mtu ana haja ya nyumba, na saruji ni ghali. Hata hivyo kuvunja kwa alasiri moja jiwe hai la miaka 200, kwa ajili ya chokaa ya ukuta mmoja, ni hasara ambayo hatuwezi kuitetea, hasa baada ya joto la 1998 na la 2016 kuua matumbawe mengi ya pwani hii. Anayechimba kisima au msingi akakuta jiwe kubwa la mviringo lenye mistari, na asilipeleke tanuuni mara moja. Iko hapa Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aulize huko kwanza.

Tena jiwe peke yake halitoshi. Mabingwa hulisoma kwa kulilinganisha na vipimo vya watu, na vipimo vya mashambani kwetu ni haba. Kwa hiyo, mwanachama aliye na daftari la zamani, la baba au la babu, lenye tarehe za mvua, za kuanza kuchuma, au za siku karafuu zilizokaa juani, na alilete afisini kabla ya msimu kuanza. Litanakiliwa mbele yake na atarudi nalo nyumbani siku hiyo hiyo.