Kinamasi cha mto ni kinga ya afya yetu

Wakazi wengi wa Nairobi huona kinamasi kuwa mahali pa mbu na maradhi, panapofaa kujazwa kifusi na kujengwa. Fikira hiyo ni kongwe kama mji wenyewe, na imetugharimu sana.

Reli ilipofika hapa mwaka wa 1899, mto ulipita katikati ya mafunjo. Mji ukajengwa harakaharaka bila mitaro ya kutosha. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto. Madaktari walishauri mji uhamishwe, lakini hawakusikizwa. Kinamasi kikalaumiwa, ilhali tauni huenezwa na viroboto wa panya, na panya hufuata uchafu wa binadamu.

Kinamasi kikakaushwa. Baadaye ukingo ulio karibu na mzunguko wa Globe Cinema ukageuka jaa na maficho ya wahalifu. Kuanzia 2008 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, alisimamia usafishaji wake. Miti ilipandwa, na bustani hiyo sasa ina jina lake. Kazi hiyo yastahili pongezi.

Hata hivyo, bustani kando ya maji machafu ni sawa na kumvika mgonjwa kanzu mpya bila kumpa dawa. Majitaka yangali yanamiminwa mtoni, na baadhi ya mboga tunazonunua sokoni hunyunyiziwa maji hayo hayo.

Mafunjo si pambo. Hupunguza kasi ya maji, tope likatuama, na vijidudu vilivyo mizizini huvunjavunja uchafu. Mvua inaponyesha, kinamasi hufyonza maji kama sifongo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu mtaani Mathare na kwingineko, yalituonyesha hasara ya kuunyima mto nafasi yake. Tena maji yakiingia vyooni, kipindupindu hakiko mbali.

Mafunjo pekee hayawezi kusafisha kinyesi cha jiji zima. Kwanza mitaa yote iunganishwe na mabomba ya majitaka, na viwanda vinavyochafua vishtakiwe. Kisha mafunjo yarudishwe ukingoni, kuanzia bustani ya Michuki.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Tuidai haki hiyo kabla ya kupanga foleni hospitalini. Kinga ni bora kuliko tiba.