Flai za Kizamani Zinashika, Wacheni Madharau

Wacha niseme hii kitu kisha mnitusi mkipenda: ile flai ya bei ghali uliyoagiza ng'ambo, inayong'aa kama taa za matatu, huihitaji kwenye ziwa la mlimani.

Kwa wale hawajui, flai ni mdudu bandia. Ni ndoano ndogo iliyofungwa uzi, manyoya na waya mpaka ikafanana na kitu samaki anakula. Kuna za kuelea na kuna za kuzama. Mimi natetea za kuzama, tena zile za zamani kabisa: Black Pennell, Invicta, Peter Ross. Majina ambayo babu ya mtu huko Uskoti angeyajua.

Desemba tulipanda na mabeshte hadi Ziwa Ellis, Mlima Kenya, upande wa Chogoria. Mnalijua, nusu ya Nairobi imepiga picha hapo na hema. Lakini wangapi walijua kuna trauti mle ndani? Beshte wangu mmoja alikuja na kisanduku cha flai kubwa, pinki na kijani ya kuwaka. Akafungua changu, akacheka. "Hizi umetoa makumbusho?"

Kufika saa tano asubuhi, mimi nilikuwa na trauti watatu. Yeye alikuwa na baridi.

Si uchawi, na mimi si bingwa. Ziwa halina mkondo. Mtoni samaki anasimama mahali pamoja, maji yanamletea chakula. Ziwani lazima azunguke akitafuta, na anachopata mara nyingi ni kidogo sana: wadudu kama mbu wasiouma, ambao hukua kwenye tope chini kisha hupanda polepole kwenda juu kutoa mabawa. Sasa angalia Black Pennell. Mwili mwembamba mweusi, waya wa rangi ya fedha, manyoya machache shingoni. Yangu imefungwa na unyoya laini wa kuku jike, ambao ukilowa unachezacheza kama kitu kilicho hai. Trauti haoni makumbusho hapo. Anaona kiamsha kinywa.

Rusha, acha izame, hesabu hadi kumi, halafu vuta mshipi kwa vidole, taratibu. Kabla ya kuitoa majini, inua fimbo polepole, kisha tulia kidogo. Hapo ndipo wengi hushika, kwa sababu flai inapanda vile mdudu hupanda. Beshte wangu alikuwa anavuta kama mtu anawasha jenereta.

Nikubali kitu kimoja. Zile za kung'aa zinashika pia. Maji yakichafuka, au samaki wakiwa wametolewa juzi tu kwenye mabwawa ya kufugia, zinaweza kukupa siku nzuri. Sina shida na hilo. Shida yangu ni kijana ambaye hajajifunza kuvuta mshipi polepole, lakini ashatumia pesa ya wiki mbili kwa sababu video ilimwambia flai ndiyo inavua. Flai haivui, bana. Wewe ndiye unavua.

Halafu kuna wale wa "huo ni mchezo wa wazungu." Kweli, ulianza hivyo. Trauti wa kahawia waliletwa na setla, Ewart Grogan, mwaka wa 1905, kutoka Loch Leven huko Uskoti, wakawekwa Mto Gura kule Aberdare. Wale wa upinde wa mvua walifuata baadaye. Hakuna aliyekuwa anafikiria mimi na wewe. Lakini hiyo ni zaidi ya miaka mia iliyopita. Samaki ashazaliwa hapa, mlima ni wetu, na ile flai unaita ya mzungu, unajua nani anaifunga?

Hapa ndipo panaponiuma. Kenya imefunga flai za kuuza nje kwa miongo mingi. Zinaenda Ulaya, zinaenda Marekani. Shangazi yangu alikaa miaka kumi na moja kwenye karakana moja hapa Nairobi, analipwa kwa dazeni. Anaweza kufunga Invicta huku anaongea na simu, na Invicta si mchezo: ina mkia, mwili wa manjano, waya, manyoya ya kuzungusha, koo ya buluu, bawa juu. Ndiye alinifundisha. Na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumwona trauti. Hata mmoja. Vidole vyake vimeshika samaki wa watu ambao hawajui jina lake.

Kwa hivyo ukicheka kisanduku changu unacheka kazi yake. Na huenda hata ile yako ya pinki ilifungwa mtaa wa pili kutoka kwenu, ikapanda ndege, ikakurudia na bei mpya.

Ombi langu ni rahisi. Kabla ya kuagiza, tafuta mtu hapa anayefunga, mnunulie moja kwa moja, mlipe vizuri. Ukiweza, jifunze mwenyewe. Ndoano, uzi, waya na unyoya vinatosha kuanza. Kisha lipia leseni, panda mlima, na uvute polepole.

Samaki mmoja wa Ellis nilimpelekea shangazi. Hakukimbilia sufuria. Alifungua mdomo wake, akapitisha kidole kwenye kona ya taya, akaniuliza, "Ilishikia hapa?"

Nikamwambia ndiyo. "Black Pennell yako."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ile waya nilikuwa naikaza sawa."

Februari tunarudi, na safari hii shangazi anakuja. Yule beshte wa pinki ashaomba akae karibu naye.